Matangazo madogo, mashamba makubwa: mambo yenye tulisoma katika magazeti ya zamani ya wakulima wa Marekani

Kila tunapopita katika koperative, wamemba wanatuuliza swali lilelile: ile karatasi yenye wanabandika ku mulango wa biro ya teritwari, inatuhusu sisi? Mara nyingi mvua imekwisha kuiangusha, ao imeandikwa Kifaransa cha tribinali, na mutu anapita mbele yake kila siku ya soko bila kusimama. Njo maana katika toleo hili tunaacha kidogo mambo ya mbolea na viwavi, tunazungumuza juu ya matangazo.

Mufano wetu unatoka mbali. Tulisoma magazeti madogo ya vijijini ya Marekani, yale ya majimbo ya Kansas, Nebraska na Dakota, tangu miaka ya 1870 mupaka miaka ya 1930. Maktaba ya Bunge la Marekani imeyaweka kwenye intaneti, kurasa mamilioni, mutu anasoma bure. Tulifungua tukitafuta bei za mahindi na habari za nzige. Kumbe mambo yenye maana zaidi kwa mukulima yalikuwa nyuma, katika herufi ndogo, pahali pa matangazo ya serikali na reklame.

Kwanza muelewe ginsi gazeti lile liliishi. Kila kaunti, ni kusema sehemu yenye ukubwa karibu sawa teritwari ndogo kwetu, ilikuwa na gazeti lake, ao mawili yenye kugombana, yenye kutoka mara moja kwa juma. Mara nyingi mwenye gazeti alikuwa mutu mumoja na mashine ya mukono. Hakuweza kujaza kurasa zote peke yake. Basi tangu miaka ya 1860 kulikuwa makampuni, ile ya bwana Kellogg wa Chicago ikiwa kati ya zile za kwanza, zenye kumutumia karatasi zimekwisha kuchapwa upande mumoja: hadisi, habari za mbali, na reklame za dawa. Yeye alichapa upande ule mwingine na habari za kwao: nani amezaa, nani amejenga gala, mvua imenyesha wapi. Wasomaji wengi walilipa kwa kuni ao viazi, wengine hawakulipa hata kidogo. Feza ya kweli ilitoka kwa matangazo yenye sheria ililazimisha, na bei yake mara nyingi ilikuwa imewekwa na sheria. Bila yale matangazo, magazeti mengi yangekufa mwaka wa kwanza.

Tangazo lenye tulikuta mara nyingi kuliko yote ni la ardhi. Rais Abraham Lincoln alisaini sheria ya Homestead tarehe 20 Mei 1862. Mutu aliweza kuomba eka 160, karibu hekta 65, kwa malipo ya biro yenye haikupita sana dola 18. Lakini alipashwa kujenga nyumba, kukaa pale na kulima miaka 5. Kiisha anaenda kutoa ushuhuda wa mwisho, na hapo tu njo anapata hati. Sasa, tarehe 3 Machi 1879 Bunge lao likaongeza sharti: mbele ya ule ushuhuda, jina lake litangazwe katika gazeti lenye kuwa karibu zaidi na shamba, mara moja kwa juma muda wa siku 30. Tangazo libandikwe pia ndani ya biro ya ardhi.

Ukisoma moja umesoma yote. Biro ya ardhi ya mahali fulani inajulisha kwamba mukaaji fulani atatoa ushuhuda siku fulani, mbele ya karani fulani, juu ya robo ya kaskazini-magharibi ya sehemu namba fulani. Na anataja mashahidi, kwa kawaida ine, wote majirani, wawili wao njo watasema. Hakuna neno moja la mapambo. Lakini fikirini uzito wake. Kama ulidanganya, kama haukulala pale hata usiku mumoja, jirani yako amesoma, na mushahidi wako amesoma jina lake mwenyewe mbele ya kaunti nzima. Mwenye kuwa na neno alikuwa na mwezi wa kulileta.

Udanganyifu haukuisha, hapana. Zilisimuliwa habari za nyumba zenye magurudumu, zenye kukokotwa toka shamba moja mupaka lingine ili kila mutu aape ya kuwa kuna nyumba juu ya ardhi yake. Na kulikuwa magazeti yenye kuzaliwa tu pahali wakaaji wapya walikuwa wengi, yakakula matangazo ya ushuhuda, kiisha yakafa wakati wote walipata hati zao. Mukaaji mwenyewe njo alilipa lile tangazo, hata kama mwaka ule nzige walikula ngano yote.

Kando ya lile kulikuwa tangazo lingine, na sisi lile lilituumiza kulisoma. Mutu yeyote aliweza kwenda biro ya ardhi kushitaki kwamba mwenye shamba ameliacha kwa zaidi ya miezi 6. Sheria ya tarehe 14 Mei 1880 ilimupa mushitaki mwenye kushinda siku 30 za kuliomba mbele ya watu wengine. Kama mwenye shamba hakuonekana, waliandika ndani ya gazeti kwamba aje kujibu. Lakini mutu wa namna ile mara nyingi alikuwa wapi? Mbali, katika kazi ya reli ao kuvuna kwa wengine, anatafuta feza ya kununua mbegu. Gazeti la kwao halikumufikia. Siku inapita, shamba linaenda. Tangazo lilitimiza sheria, lakini mutu hakusikia. Hayo mambo mawili hayafanane, na katika kazi yetu tunayaona yakichanganywa kila mara.

Na kuna watu wenye hatukukuta majina yao katika matangazo yale ya ardhi: Wapawnee, Wakansa, Walakota, wenye ile inchi ilikuwa yao mbele ya kukatwa katika robo na namba. Ardhi yao ilikuwa imekwisha kutoka mukononi mwao kwa mikataba na kwa nguvu. Wakati tangazo linauliza «nani iko na neno?», wao hawahesabiwe tena kati ya wenye kuulizwa. Hata kati ya wakaaji wapya, wengi walitoka Ujerumani, Sweden na kwa Wacheki, na gazeti la kaunti liliandika mara nyingi Kiingereza. Ulihitaji mutoto mwenye anasoma.

Hapa kwetu, sheria ya ardhi ya mwaka wa 1973 inasema ya kuwa mbele ya kutoa ardhi ya vijijini kwa mutu, kufanyike kwanza uchunguzi, ili ijulikane ni haki gani watu wengine wako nayo juu ya ile ardhi. Wenye malalamiko wasikilizwe. Kwa hiyo ile karatasi ya biro ya teritwari, ndiyo, inaweza kuwa inawahusu kabisa. Mutu mwenye kulima bonde lenye babu yake alilima, na hana hati, njo yeye kwanza anapashwa kujua ya kwamba uchunguzi umefunguliwa.

Tuache ardhi, tuje kwa ngombe. Wafugaji watafurahi hapa. Katika jimbo la Kansas kulikuwa gazeti moja la wakulima, Kansas Farmer, lenye sheria ya mwaka wa 1867 ililipa kazi ya kutangaza wanyama waliopotea wa jimbo zima. Ngombe ao farasi akiingia kwako na haujui mwenyewe, sheria ilikuamuru kubandika karatasi tatu zilizoandikwa, pahali patatu tofauti, zenye kueleza munyama vizuri: rangi, miaka, alama ya chuma, sikio limekatwa namna gani. Siku 10 zikipita bila mutu kuja, unaenda kuapa mbele ya mwamuzi ya kuwa munyama alikuja mwenyewe, si wewe ulimuvuta. Anapewa bei. Kama bei inapita dola 10, karani wa kaunti anatuma habari kwa gazeti pamoja na senti 50 kwa kila munyama.

Mwenye munyama alikuwa na miezi 12 ya kuja kuthibitisha, na kulipa gharama za wenye walimutunza. Mwaka ukiisha bila yeye kuonekana, munyama anakuwa wako. Lakini ukimuuza mbele ya hapo, unalipa bei yake mara mbili na faini juu. Kulikuwa hata kipimo cha majira: munyama mwenye hajafundishwa kazi hakuruhusiwa kukamatwa inje ya Novemba mupaka mwanzo wa Aprili, isipokuwa kama ameingia ndani ya uzio wako. Tulipenda ile sheria kwa sababu inajua mwizi anasema nini. Mwizi anasemaka tu: «nilimuokota». Sasa mwenye kuokota kweli alikuwa na njia ya kuonekana ni mutu wa haki, na mwenye kuficha alijionyesha mwenyewe kwa kunyamaza.

Wakati koperative zetu zinapeleka komunike ya munyama kwa radio, mara nyingi wanasema tu: ngombe dume amepotea, mwenye kumuona apeleke habari. Ngombe dume gani? Linganisheni na wale wa Kansas: dume mwekundu, miaka mitatu, doa jeupe kwenye paji la uso, sikio la kushoto limepasuliwa, alama fulani ku paja la kuume. Mustari mumoja, na hakuna mutu anaweza kukosea.

Sasa reklame. Hapa mutuvumilie, tutakawia, kwa sababu kuna hila moja ya mbegu yenye kila mumemba anapashwa kuijua.

Katika miaka ya 1880, wakulima wa Ohio, Michigan na majimbo ya jirani walitembelewa na wauzaji wa mbegu mupya, shayiri ya Bohemia. Shayiri ni nafaka yenye walilisha farasi. Hii ilisemwa ni ya ajabu, haina maganda. Bei: dola 10 kwa bushel moja, ni kusema kama kilo 14 na nusu, wakati shayiri ya kawaida sokoni haikufika hata dola moja. Mukulima gani atanunua? Lakini sikieni ahadi: kampuni inakuandikia karatasi kwamba mwaka ujao itakuuzia mavuno yako, mara mbili ya kipimo chenye ulinunua, kwa bei ileile ya dola 10, na itakata tu komisyo yake. Unanunua bushel 10 kwa dola 100, mwaka ujao bushel 20 zinauzwa dola 200. Na hauna feza leo? Haina neno, tia sahihi hapa juu ya barua ya deni.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Ili ahadi itimie, wakulima 10 wa kwanza wanahitaji wakulima 20 wa kuwanunulia mwaka wa pili, wale 20 wanahitaji 40, na wale 40 wanahitaji 80. Mwaka wa kumi na moja kutahitajika wanunuzi 10 240. Hakuna mutu alikula ile shayiri, hakuna farasi alihesabiwa, kila mumoja alimuuzia mwenzake mbegu. Wa kwanza walilipwa kweli, na njo wale walienda kutoa ushuhuda muzuri kanisani na sokoni. Wazee wetu wenye walisikia habari ya Bindo kule Kinshasa mwaka wa 1991 watatambua wimbo huu, hata kama ngoma ni ingine.

Ubaya zaidi ulikuwa ndani ya ile barua ya deni. Muuzaji hakuikaa nayo. Aliipeleka banki ao kwa mutu mwenye feza mujini, akaiuza kwa bei ya chini kidogo, akapanda treni. Mwaka ukiisha, mukulima anaona mutu mwenye hajawahi kumuona anamudai dola 100. Anasema: nilidanganywa! Tribinali inajibu: huyu alinunua barua bila kujua udanganyifu wako, sheria inamulinda, lipa. Karatasi ya ahadi ya kampuni, yeye mukulima aliibaki nayo mukononi, haina hata bei ya kiberiti.

Njo pale tunakuta katika magazeti tangazo fupi lenye kufanana toka jimbo moja mupaka lingine: watu wote wanaonywa wasinunue barua ya deni yenye nilitia sahihi tarehe fulani kwa fulani, sababu sikupata kitu cha kweli, na sitailipa. Mukulima alijaribu kumunyima mununuzi lile neno «sikujua». Wakati mwingine alichelewa, barua ilikuwa imekwisha kuuzwa. Lakini lile tangazo liliwaokoa majirani, kwa sababu muuzaji akifika ku shamba la pili, bibi wa pale amekwisha kusoma jina lake.

Tunaongeza jambo moja kama waagronome. Mbegu mupya haijulikane kwa maneno ya muuzaji. Ipandwe kwanza katika kipande kidogo cha shamba la koperative, kando ya mbegu yenu ya kawaida, udongo mumoja, siku moja, kiisha mupime mavuno yote mawili na balanse ileile. Muuzaji mwenye kukataa kuwapatia kilo mbili za kujaribu, mumuache aende.

Reklame za dawa hatutazikalia sana, hata kama zilijaza kurasa zile za kuchapwa mujini. Zilikuwa na picha, barua za shukrani, na magonjwa 20 yenye kupona kwa chupa moja. Yenye ilijulikana sana ilikuwa dawa ya wanamuke ya Lydia Pinkham, yenye ilianza kuuzwa mwaka wa 1875 kule Massachusetts. Ndani yake kulikuwa pombe, karibu sehemu moja juu ya tano, na wamama wengi wenye kuikunywa walikuwa wa chama cha kupinga pombe. Reklame ziliwaita wanamuke wamuandikie Bibi Pinkham mwenyewe shida zao. Alikufa mwaka wa 1883. Mwaka wa 1905 gazeti moja la wanamuke lilitoa picha ya jiwe la kaburi lake, na kwa miaka 22 barua zilikuwa zinaendelea kumufikia! Mwaka uliofuata, 1906, sheria ya Marekani ikalazimisha dawa za namna ile kuandika ku chupa kama kuna pombe ao afyuni ndani.

Mwenye gazeti la kaunti hakuchagua zile reklame, zilikuja na karatasi. Ni kweli, lakini sisi hatumuachilie mbio hivyo, sababu kulikuwa mwingine mwenye alichagua. Farm Journal, gazeti la wakulima la Philadelphia, lilitangaza mwaka wa 1880 ya kuwa litakataa reklame za wadanganyifu, na kama musomaji wake akiibiwa na mutu mwenye alitangaza ndani yake, gazeti litamurudishia hasara. Liliishi miaka mingi na lilipata wasomaji wengi sana.

Kulikuwa pia matangazo ya waume wenye kusema bibi yangu ametoka kwangu, sitalipa deni lake. Mara chache, juma linalofuata, bibi anajibu. Tuliyasoma mengi kuliko vile ilihitajika kwa kazi.

Tunamalizia na yale ya huzuni. Kila mwaka ilitoka orodha ya wenye hawakulipa kodi ya ardhi, wakati mwingine kurasa nzima, jina, robo ya shamba, dola na senti. Nyuma yake matangazo ya sherifu: siku fulani, saa fulani, mbele ya mulango wa tribinali, itauzwa kwa mwenye kutoa bei ya juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei zilianguka mupaka wengine walichoma mahindi jikoni pahali pa makaa, sababu makaa yalikuwa ya bei zaidi. Mikopo haikulipika, na matangazo yale yakaongezeka.

Lakini tangazo lililazimishwa kusema siku na saa. Wakulima wa Nebraska, Iowa na majimbo mengine walilisoma kama wote. Siku ya munada walifika mamia, wakasimama wamebanana. Farasi alitajwa, jirani akasema senti 10. Jembe la kukokotwa, senti 5. Hakuna mwingine alifungua kinywa, na mugeni mwenye alitaka kuongeza alishikwa bega polepole, ao alionyeshwa kamba yenye kuning'inia ku mulango wa gala. Munada uliisha kwa dola chache, banki ikapokea zile, na majirani wakamurudishia mwenyeji farasi wake na jembe lake jioni ile. Ilifaa zaidi kwa wanyama na vyombo. Kwa ardhi yenyewe ilikuwa nguvu, sababu banki iliweza kuleta mutu wake wa kununua. Mwanzoni mwa mwaka wa 1933, Iowa na Nebraska zilipitisha sheria za kusimamisha kwa muda kunyanganya mashamba juu ya deni.

Koperative yenye kujua kwamba tangazo la ardhi limebandikwa katika teritwari, grupema ao parokia yao, wapige picha na simu mbele mvua haijaiharibu, wawape waanimatere wetu. Tutaisoma pamoja kwa Kiswahili, na tutaangalia kwanza tarehe.